Nyumba safi bila mbwembwe: mwongozo kwa mnunuzi na kwa wewe unaetengeneza sabuni

Siku hizi kila chupa imeandikwa "asili", "salama kwa familia", "haina kemikali", hata ile sabuni ya maji ya kupima inayotoka kwenye dumu la lita 20 pale kwa mangi nayo imebandikwa stika ya jani la kijani. Marekani hii kitu ya maisha safi imeshakua biashara kubwa, na kule hakuna sheria inayosema bidhaa ya usafi iwe na nini au ikose nini ndio iruhusiwe kujiita safi, kampuni inaandika tu. Kwa hiyo hapa sikupi listi ndefu ya kemikali za kuogopa. Msimamo wangu ni kwamba kwenye nyumba zetu kinachoumiza watu kwanza ni moshi, chupa zisizo na lebo, na kuchanganya madawa ya usafi. Hayo ukiyamaliza ndio tukae tuongelee paraben, vile vihifadhi vya kwenye vipodozi.

Hatua 1 mpaka 6 ni za mnunuzi, 7 na 8 ni za mtengenezaji, ila mnunuzi nae azisome maana huko ndio atajua cha kuuliza dukani.

HATUA YA 1: Anza na hewa, sabuni baadae

Kama unapikia mkaa au kuni ndani, hiyo ndio kazi ya kwanza, hata kama kabati limejaa sabuni za bei mbaya. Shirika la Afya Duniani linakadiria moshi wa majumbani uliua watu kama milioni 3.2 mwaka 2020, na wanaouvuta zaidi ni anaepika na mtoto aliebebwa mgongoni. Tanzania ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034, lengo ni asilimia 80 ya watu wawe wameshahama ifikapo mwisho wake. Sawa, ila wewe usisubiri. Kama mtungi wa kilo 6 unakusumbua kuujaza, gawanya mapishi: chai, uji, mayai na kupasha viporo ni gesi, maharage na makande ni mkaa lakini nje, barazani au uani, na hayo maharage uwe umeyaloweka tangu usiku ili yasikae motoni nusu siku. Mwenye umeme wa uhakika ajaribu lile sufuria la presha la umeme, linaivisha maharage kwa umeme mdogo kuliko watu wanavyodhani.

Walioko Mbeya, Njombe, Arusha, Limuru na kwingine kwenye baridi ya mwezi wa sita na wa saba, hapa msikilize vizuri. Jiko la mkaa halilali chumbani na watu. Wengi wanaamini mkaa ukishashika ukawa mwekundu, moshi umeisha, basi uko salama kuingia ndani, kumbe ile gesi inayoua, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu na huo mkaa mwekundu ndio unaitoa vizuri tu. Mtu anasikia kichwa kizito, anadhani usingizi, analala, haamki.

Halafu dawa ya mbu ya kuchoma. Kuna utafiti ulichapishwa 2003, walipima koili za mbu wakakuta koili moja ikiungua mpaka mwisho inatoa chembe ndogo za moshi sawa na sigara kati ya 75 na 137. Na sisi tunaiweka chini ya kitanda cha mtoto, dirisha tumefunga ili "ikolee". Chandarua kwanza, wavu wa dirishani pili, na ukibanwa ukachoma, choma jioni milango ikiwa wazi, izime kabla ya kulala.

Udi na ubani najua hapa nitagombana na watu wa Pwani. Sisemi muache, nyumba isiyonukia udi Ijumaa sio nyumba, ila ule nao ni moshi kama moshi mwingine, fungueni madirisha na msiuchome kwenye chumba anacholala mwenye pumu.

HATUA YA 2: Toa kila kitu nje ukikague

Chini ya sinki, bafuni, stoo, juu ya kabati, nyuma ya mlango wa jikoni. Kila chupa, kila mfuko, panga chini sakafuni. Utashangaa.

Kwanza tenga chochote kisicho na lebo yake ya asili. Jiki ndani ya chupa ya maji ya kunywa, mafuta ya taa ndani ya chupa ya soda, kostiki soda kwenye kopo la siagi, ile "dawa ya kunguni" ya maji meupe uliouziwa na kijana anaetembeza, haina jina wala maelezo. Hivi ndio vitu hatari kuliko vyote ndani ya nyumba na sio kwa sababu ya kilichomo peke yake, ni kwa sababu mtoto wa miaka miwili akiona chupa ya soda anajua ni soda. Mafuta ya taa shida yake kubwa haiko tumboni, iko kwenye mapafu, yanateleza yanaingia huko, na ndio maana ukimtapisha mtoto unamzidishia. Kostiki inaunguza njia ya chakula na ikipona inaweza kuacha kovu linaloziba koo. Kwa yote mawili: usimtapishe, usimshindilie maziwa kama tulivyofundishwa, mbebe yeye pamoja na chupa yenyewe mkimbilie hospitali ili daktari ajue amekunywa nini. Ikiruka machoni, maji yanayotiririka dakika 15 mpaka 20, mfululizo, hata kama analia, ndio safari ya hospitali ianze.

Sumu za wadudu zina msimamizi wake, Tanzania ni TPHPA, Kenya ni PCPB, na sumu iliyosajiliwa inakuwa na namba ya usajili kwenye lebo. Zile za chupa ndogo za mtaani unaweza kuta ni dawa kali ya shambani iliyomiminwa upya, ambayo mkulima mwenyewe anatakiwa avae glavu na barakoa kuipuliza, we unapaka kwenye godoro.

Pili, vile vidonge vyeupe vya kabatini, naftalini. Hapa nakaa kidogo maana huku kwetu tuna sababu ya ziada. Kuna hali ya kurithi inaitwa upungufu wa G6PD, ipo kwa wingi kwenye maeneo ya malaria kama yetu, na wengi walionayo hawajui kabisa kwa sababu hawaumwi. Mtoto mchanga mwenye hali hiyo akivalishwa nguo au kufungwa blanketi iliyokaa na naftalini, chembe zake nyekundu za damu zinaweza kuvunjika, anapata manjano, na manjano ikipanda sana inaharibu ubongo. Nguo za bibi zilizotunzwa sandukuni miaka mitatu zinasubiri mjukuu, zimejaa harufu ya naftalini, ndio zawadi tunayompa! Fua, anika juani siku kadhaa mpaka harufu iishe, na kabati la mtoto weka karafuu au usiweke kitu. Na usiache hivyo vidonge chini, vinafanana na pipi.

Tatu ni vilivyobaki, vyenye lebo zake. Vikae juu, mbali na unga na mchele. Unachotupa usikimwage mtaroni wala usikichome na taka. Jiki iliyozeeka imalizie chooni peke yake, sumu usiyoijua muulize afisa afya wa kata pa kuipeleka.

HATUA YA 3: Soma lebo, anzia nyuma

Mbele ya chupa ni tangazo, nyuma ndio habari. Unatafuta nani katengeneza na yuko wapi, kilichomo, kiasi cha kutumia, tarehe na namba ya bechi, yaani mkupuo mmoja wa kutengeneza, na onyo. Ikikosa jina la mtengenezaji na mahali alipo, rudisha, hata iwe inanukia vipi. Tanzania angalia alama ya TBS, shirika la viwango, na kumbuka tangu 2019 vipodozi navyo vilihamia TBS kutoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, kwa hiyo mtu akikwambia sabuni yake "inasubiri TFDA" jua anakupiga porojo. Kenya kuna alama ya ubora ya KEBS, shirika lao la viwango, na chini yake namba ya kibali, tuma ujumbe SM# ikifuatiwa na hiyo namba kwenda 20023 utajibiwa ni ya nani na ya bidhaa gani. Jibu likija na bidhaa nyingine, unajua umeshika feki. Na Wakenya mna bahati nyingine, haki ya kupewa taarifa za bidhaa iko kwenye Katiba yenu ya 2010, ibara ya 46, sio hisani ya muuza duka.

Sasa yale maneno makubwa.

Povu sio usafi. Povu linaongezwa makusudi kwa sababu sisi wateja tukiliona tunaridhika, na sabuni ya mashine ya kufulia inatengenezwa isitoe povu jingi na bado nguo zinatakata. Uzito nao sio nguvu: kwenye sabuni ya maji uzito unaletwa na chumvi, mtengenezaji anaongeza chumvi kidogo kidogo inaganda kama asali, akizidisha inarudi kuwa maji. Kipimo cha kweli ni sahani ngapi za mafuta unaosha kwa kijiko kimoja. Ya bei rahisi inayokula nusu chupa kwa siku ni ghali.

"Inaua vijidudu kwa asilimia 99.9" ni matokeo ya maabara, kwa vijidudu walivyochagua wao na muda waliochagua wao. Kuhusu sabuni za mikono za kuua bakteria, mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliondoa viambato 19 kwenye sabuni za kunawia, triklosani ikiwemo, kwa sababu kampuni zilishindwa kuonyesha zinalinda kuliko sabuni ya kawaida na maji, wala kwamba ni salama ukizitumia kila siku maisha yako yote. Kipande cha sabuni ya kawaida, maji yanayotiririka, sekunde 20. Basi.

"Harufu ya limao" haimaanishi kuna limao. Neno moja tu pafyumu kwenye lebo linaweza kuficha viungo kumi au hamsini, na kwa mwenye pumu au ngozi inayowasha hapo ndipo pa kuanzia kukata. Nunua isiyo na harufu mwezi mmoja uone.

"Haina kemikali", sijui nisemeje, maji ni kemikali.

Na hizi sabuni za kung'arisha ngozi ndio sina utani nazo kabisa. Zebaki bado inakamatwa humo, na haiishii kwa anaejipaka, inaingia kwenye taulo, mashuka, mikono inayomnyonyesha mtoto. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa zebaki, uliweka mwisho wa vipodozi vyenye zebaki kuzidi sehemu moja kwa milioni kuwa 2020, na 2023 nchi zikakubaliana kuondoa hata hicho kiwango, zebaki yoyote iliyotiwa kwa makusudi iishe 2025. Isiyoandikwa viambato na inakutakatisha ndani ya wiki, usiiguse.

HATUA YA 4: Jifunze hesabu ya jiki

Jiki ni dawa nzuri, ya bei poa, na karibu kila mtu anaitumia vibaya, wengine wanamimina kama maji wengine tone moja kwenye ndoo. Chupa imeandikwa asilimia ya dawa iliyomo, nyingi ni karibu 3.5 mpaka 5. Chukua asilimia ya kwenye chupa, gawanya kwa asilimia unayoitaka, toa moja, jibu ni sehemu ngapi za maji kwa sehemu moja ya jiki. Mfano ya 3.5 unataka 0.5 kwa ajili ya damu au matapishi: 3.5 gawa kwa 0.5 ni 7, toa moja ni 6, kwa hiyo kikombe kimoja cha jiki vikombe sita vya maji. Kwa meza, vitasa na sakafu ya choo 0.1 inatosha, hapo mililita 15 za hiyo ya 3.5 kwenye nusu lita ya maji umefika.

Masharti yake watu wanayaruka. Osha uchafu kwanza kwa sabuni, suuza, ndio upake jiki, maana jiki ikikutana na uchafu inaishia kupigana na uchafu. Iache dakika kumi, sio unapaka unafuta hapo hapo. Tengeneza ya siku hiyo tu, kesho mwaga. Na chupa isikae dirishani kwenye jua, joto na mwanga vinaiua nguvu, ndio maana ile ya dukani iliyopangwa nje barazani miezi sita inanuka jiki lakini haifanyi kazi.

HATUA YA 5: Usichanganye, hata kama choo kimeshindikana

Jiki na dawa ya choo yenye asidi: inatoka gesi ya klorini, ile ile iliyotumika vitani 1915. Jiki na siki au limao: klorini tena. Jiki na dawa yenye amonia, zile za vioo baadhi, au kuimwaga kwenye choo kilichojaa mkojo mkavu: gesi nyingine inayochoma mapafu. Hii inatokea zaidi Jumamosi, choo kidogo, dirisha dogo, dada wa kazi kafunga mlango asisumbuliwe na watoto, anamwaga hiki, hakitoki, anaongeza na kile. Mwambie mapema, kwa lugha ya kawaida sio kwa ukali, na mpe glavu. Ikishatokea, toka nje, acha mlango wazi, usirudi kumwagia maji uonekane jasiri.

Ukitaka kutumia zote mbili, leo moja, suuza kwa maji mengi, kesho nyingine.

HATUA YA 6: Vya jikoni, vinavyofanya kazi na vya kudanganyana

Majivu yanafanya kazi. Yana chumvi za alkali zinazokata mafuta, na chembe zake zinasugua, bibi zetu hawakuwa wajinga. Ila sufuria za alumini alkali inazila, magadi na kostiki ndio kabisa zinakuwa nyeusi, kwa hiyo majivu kidogo, suuza haraka. Dodoki na makumbi ya nazi ni vya kusugulia kuliko sponji ya plastiki, vikichoka unatupa shambani, lakini dodoki nalo liwe linakauka juani, likibaki bichi kwenye sinki ni kiota cha bakteria.

Siki na limao vinatoa ukoko mweupe wa maji ya chumvi kwenye birika na mabomba, hapo viko nyumbani kwao. Haviui vijidudu kama jiki, usivitegemee baada ya kukata kuku. Na ule mchanganyiko wa siki na baking soda unaosambaa WhatsApp, unachemka mapovu inapendeza kwenye video, ni asidi na alkali zinauana, ukimaliza umebaki na maji yenye chumvi kidogo. Tumia moja, suuza, ndio nyingine.

Mwarobaini na mchaichai dhidi ya mbu vinasaidia kidogo kwa muda mfupi. Chandarua hakiachwi kwa ajili yake.

HATUA YA 7: Kwako unaetengeneza

Najua mnavyoanza, mafunzo ya siku mbili, listi ya mahitaji: salfoniki na slesi (hizo ndio zinazosafisha na kutoa povu), soda ashi, glisirini, chumvi, rangi, pafyumu, na mwishoni kabisa formalini "ili isioze". Tuanze na hiyo ya mwisho. Formalini ni formaldehaidi iliyoyeyushwa kwenye maji, na wataalamu wa saratani wa WHO waliiweka kundi la kwanza, kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu, mwaka 2004. Anaeumia zaidi ni wewe unaeipima jikoni dirisha limefungwa, mteja anafuata. Iache. Watu wanaambiana watumie sodiamu benzoeti badala yake, ila hiyo inafanya kazi kwenye kitu chenye asidi, pH (kipimo cha asidi na alkali, 7 ni katikati, chini yake asidi, juu yake alkali) chini ya 5 hivi, kwenye sabuni ya pH 8 ni pambo tu. Muulize muuza kemikali akupe kihifadhi kinachofaa pH yako, fenoksiethanoli kwa mfano inavumilia pH nyingi, na upime kwa kiwango kilichoandikwa sio kwa kifuniko. Halafu punguza tatizo lenyewe: maji yaliyochemshwa yakapoa, madumu yaliyooshwa na kukauka, usijaze sabuni mpya juu ya mabaki ya zamani, na tengeneza kinachoisha haraka. Sabuni iliyojitenga ikaanza kunuka uvundo ina bakteria, usiifunike na pafyumu ukaiuza.

Pili, pH. Salfoniki ni asidi, soda ashi ni alkali, sabuni nzuri ya vyombo inakaa karibu na 7 au 8. Anaetengeneza kwa kukadiria kwa jicho ndio anatoa ile sabuni inayobabua mikono ya mama ntilie anaeosha masahani kutwa. Karatasi za pH ni bei ndogo, zinauzwa kwenye maduka hayo hayo ya kemikali, chovya kila bechi, andika. Ikipanda 10 usiuze. Na wewe mwenyewe vaa glavu na miwani, asidi unaimwagia kwenye maji na kostiki unaitia kwenye maji, kamwe usimwage maji juu yake, itakurukia. Ndoo ya plastiki, mwiko wa mti, alumini isikaribie.

Tatu, lebo. Andika kilichomo, chote, kwa Kiswahili mtu asome. California walipitisha sheria 2017, kampuni za bidhaa za usafi zikatakiwa kuweka viambato mtandaoni kuanzia 2020 na kwenye lebo kuanzia 2021, na kampuni kubwa zilizokuwa zinalalamika kwamba ni siri ya biashara zikaandika na bado zinauza. Wewe wa Tabata siri yako ni ipi, wakati fomula yenyewe imezunguka kwenye magrupu yote? Andika kiasi cha kutumia kwa kijiko, "kijiko kimoja kwenye beseni la maji". Andika "weka mbali na watoto" kwa herufi zinazoonekana. Namba ya bechi na tarehe. Jina, mtaa, simu inayopokelewa.

Nne, na hapa ndipo wengi watakuja kuumia, madai. Usijenge biashara yako juu ya neno "haina". The Honest Company ya Marekani, ambayo muigizaji Jessica Alba ni mmoja wa waanzilishi, iliahidi sabuni yake ya kufulia haina SLS, kiambato cha kusafisha na kutoa povu. Mwaka 2016 gazeti la Wall Street Journal likaripoti kwamba vipimo vya maabara vimeikuta. Kampuni ikabisha, kwamba wao wanatumia sodiamu koko salfeti ya nazi, lakini hiyo ya nazi ni mchanganyiko na sehemu ya mchanganyiko huo ni SLS yenyewe. Mwaka 2017 wakakubali kulipa dola milioni 1.55 kumaliza kesi za wateja. Cha kuchekesha, au cha kuhuzunisha, SLS yenyewe kwenye sabuni ya kufulia haikuwa janga, kilichowagharimu ni ahadi. Na wewe stika yako imeandikwa "asilia 100%" wakati ndani kuna salfoniki na slesi za kiwandani. Sio dhambi kuzitumia, zinasafisha vizuri. Sema tu zipo, sema pH imepimwa, sema formalini hujaweka kama kweli hujaweka na risiti za manunuzi unazo.

Wale wa Zanzibar mnaotengeneza sabuni za mwani na karafuu kwa watalii na mnawaza soko la Ulaya, Umoja wa Ulaya una maelekezo namba 2024/825, yanaanza kutumika 27 Septemba 2026, yanakataza madai ya jumla kama "rafiki wa mazingira" yasiyo na uthibitisho. Badilisheni maneno kabla hamjachapisha lebo elfu tano.

Karatasi za serikali sasa. Kwa Tanzania pitia SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, wapo tangu 1973 na kila mkoa wana ofisi, wanakupa mafunzo na barua ya kukutambulisha TBS, na kwa mjasiriamali mdogo anaepitia huko kuna nafuu ya ada. Kemikali za viwandani ziko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, sheria ya 2003, uliza unahitaji usajili gani kabla hujaagiza mapipa. Ni mzunguko, nakubali, na unachosha, ila supamaketi haikupokei bila hayo.

HATUA YA 8: Chombo, na mteja akirudi

Kenya walipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania Bara Juni 2019, Rwanda walitangulia tangu 2008. Kenya wana pia sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya 2022 inayomsukuma mzalishaji abebe jukumu la kifungashio chake hata baada ya kuuza. Vipakti vidogo vya sabuni ya unga vya shilingi mia bado vinaziba mitaro, na siwalaumu wanaovinunua, mtu ana mia ananunua cha mia. Anaeweza kubadilisha hapa ni kampuni. Mwenye kiwanda kidogo ana nafasi ambayo wakubwa hawana: uza kwa kujaza upya, mteja aje na chupa yake, mpunguzie bei ya chupa. Sharti moja, ijaze kwenye chupa iliyooshwa ikakauka na yenye lebo YAKO, mpe lebo mpya kila anapojaza, na chupa ya maji ya kunywa ikija ikatae. Utapoteza mauzo mawili matatu kwa wiki, hamna namna.

Kila bechi bakiza chupa moja, ibandike namba, iweke kabatini mpaka muda wake wa matumizi uishe. Mteja akipiga simu kwamba mikono imemwasha, usianze kumuuliza kama ana aleji, muulize namba ya bechi, toa ile chupa, chovya karatasi ya pH. Ikiwa iko sawa mwambie asitumie tena na mrudishie hela. Ikiwa imepanda, fungua daftari uone nani mwingine kachukua bechi hiyo na uwapigie wote siku hiyo hiyo, kabla hawajaosha vyombo vya jioni.